Kioo cha simu yako na kitinda mimba wa Siberia

Simu unayosomea habari hii ina kioo. Ikikuponyoka pale steji ya Minjila ikaanguka kifudifudi, unaiokota na kukuta nyufa zimetambaa kama utando wa buibui. Unampelekea fundi Garsen mjini. Anang'oa kioo kile, anakuwekea kingine, unalipa, unaenda zako. Kile cha zamani kinatupwa kwenye debe chini ya meza. Debe likijaa linamwagwa nyuma ya vibanda. Na mto Tana ukifurika, unajua mwenyewe takataka za nyuma ya vibanda huishia wapi.

Sasa sikiliza. Juu ya kioo kile kilichotupwa kuna utando mwembamba sana ambao jicho lako haliwezi kuuona. Umetengenezwa kwa oksijeni, bati kidogo na metali moja iitwayo indiamu, na hiyo indiamu ndiyo nyingi. Utando huo hupitisha umeme na hapo hapo hupitisha mwanga. Ndio maana unaona picha safi, na ukigusa kwa kidole simu inakusikia. Vitu vinavyoweza kufanya kazi hizo mbili kwa pamoja ni vichache mno duniani.

Ukitaka kuelewa kwa nini debe la fundi lina mali ndani yake, na sumu pia, kuna mzee mmoja inafaa umjue. Kama ulisoma kemia sekondari, umeshamwona: ndevu ndefu, nywele hazijachanwa, macho makali. Lile jedwali la elementi lililobandikwa ukutani maabara ni kazi yake. Anaitwa Dmitri Mendeleev, Mrusi, na amefariki zaidi ya miaka 100 sasa. Simu hakuiona. Lakini metali zilizo kwenye skrini yako alizijua vizuri kuliko mtu yeyote wa zama zake, na moja kati yake aliieleza kabla haijaonekana na binadamu.

MTOTO WA KIWANDA CHA VIOO

Mendeleev alizaliwa tarehe 8 Februari 1834 katika mji wa Tobolsk, Siberia. Hiyo ni pembe ya Urusi yenye baridi kali na umbali wa kukatisha tamaa. Watu wa mji mkuu waliiona Siberia kama vile baadhi ya watu wa Nairobi wanavyoiona Tana River: mahali pa kupita kwenye ramani. Yeye alikuwa kitinda mimba katika familia yenye watoto zaidi ya kumi.

Baba yake, Ivan, alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Mwaka uleule Dmitri alipozaliwa, mzee alipata mtoto wa jicho, akapoteza uwezo wa kuona, akapoteza na kazi. Pensheni ilikuwa ndogo. Mdomo mmoja mpya umeongezeka nyumbani na mshahara umekatika. Wewe fikiria.

Mama yake, Maria, hakukaa chini kulia. Ukoo wake ulikuwa na kiwanda cha vioo katika kijiji cha Aremzyanka, karibu na Tobolsk, nacho kilikuwa kimesimama. Mama akakifufua na kukisimamia mwenyewe. Kwa hiyo Dmitri alikua akizunguka tanuri. Aliona mchanga ukiingia motoni na kutoka ukiwa kitu laini chenye kung'aa, kinachopulizwa na kupindwa watu wakitaka chupa au glasi. Mtoto wa mvuvi hujua samaki kabla ya kujua kusoma. Huyu alijua kioo.

Mwaka 1847 baba akafa. Mwaka uliofuata kiwanda kikaungua moto, kikawa majivu. Mama alikuwa mjane, umri umepita miaka 50, mali hana. Kilichobaki ni kijana mmoja ambaye aliamini ana kichwa. Mwaka 1849 akauza alichoweza kuuza, akamchukua Dmitri na dada yake, wakaanza safari ya kwenda Moscow: zaidi ya kilomita 2,000 za barabara mbovu. Chukua safari ya kutoka Garsen kwenda Nairobi na kurudi, kisha irudie tena, halafu ondoa basi, ondoa lami, weka farasi.

Walipofika, chuo kikuu kikawakatalia. Hakikusema kijana ni mjinga. Sheria ya wakati ule ilipanga wanafunzi kwa maeneo, na mtoto wa Siberia hakuwa na nafasi Moscow. Mama akafunga mizigo tena, safari hii hadi St Petersburg. Huko, mwaka 1850, Dmitri akapokelewa katika chuo cha walimu alichosomea baba yake, tena kwa gharama za serikali.

Miezi michache baadaye mama akafa. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Dmitri alikuwa na miaka 16.

KARATA MEZANI

Hata chuoni mambo hayakunyooka. Alianza kuugua kifua na kutema damu. Madaktari walidhani ni kifua kikuu na wakamhesabia siku. Alikuwa akisoma akiwa kitandani. Mwaka 1855 akamaliza wa kwanza katika darasa lake na kupewa nishani ya dhahabu, kisha akapelekwa kusini kwenye joto, Crimea, akafundishe huko. Daktari bingwa wa upasuaji, Nikolai Pirogov, akampima na kumwambia hafi karibuni. Kweli, aliishi zaidi ya miaka 50 baada ya hapo.

Mwaka 1859 alienda Heidelberg, Ujerumani, kuendelea na utafiti. Alifika wakati mzuri. Pale pale Heidelberg, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walikuwa wamegundua kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mistari ya rangi ambayo ni yake peke yake, kama alama za vidole. Ukiiona mistari, umemjua mwenyewe. Kwa njia hiyo elementi mpya zikaanza kupatikana moja baada ya nyingine.

Mojawapo ni ile iliyo kwenye kioo chako. Mwaka 1863, katika mji wa Freiberg, mwanasayansi Ferdinand Reich alikuwa anachunguza madini ya zinki. Tatizo lake ni kwamba hakuwa na uwezo wa kutofautisha rangi. Akamwita msaidizi wake, Theodor Richter, amtazamie. Richter akaona mstari wa rangi ya nili ambao haukuwa wa elementi yoyote iliyojulikana. Wakaiita indiamu, kutokana na rangi hiyo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1860, elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Lakini zilikuwa kama vitu vilivyomwagwa sokoni bila meza. Kila mwalimu alizipanga kivyake. Mendeleev, ambaye sasa alikuwa profesa St Petersburg, alitaka kuwafundisha vijana wake kwa lugha yao na hakupata kitabu cha Kirusi kilichomridhisha. Akaamua kukiandika mwenyewe. Hapo ndipo akakwama: aanze na elementi gani, afuatishe na ipi?

Aliandika jina la kila elementi kwenye kadi, pamoja na uzito wa atomi yake na tabia zake, akaanza kuzipanga na kuzipangua kama mtu anayecheza karata peke yake. Tarehe 1 Machi 1869, kwa kalenda tunayotumia leo, alitakiwa asafiri kwenda kukagua vyama vya wakulima wanaotengeneza jibini. Hakuondoka siku hiyo. Aliona kwamba ukizipanga elementi kwa uzito, tabia zinajirudia kila baada ya hatua fulani. Metali laini zinazolipuka zikitiwa majini zinaangukiana. Gesi kali zinaangukiana. Kumbe kulikuwa na mpangilio muda wote huo.

Wengine nao walikuwa wameanza kuinusa siri hiyo. Kilichomtofautisha Mendeleev ni ujasiri. Pale ambapo hakuna elementi iliyofaa, hakulazimisha. Aliacha nafasi wazi, akasema mwenyewe yupo ila hajapatikana.

INDIAMU YAPATA KITI CHAKE

Indiamu ilimsumbua kweli. Wanasayansi walikuwa wamekadiria uzito wa atomi yake kuwa kama 75.6. Kwa hesabu hiyo ingekaa jirani na aseniki, na pale hapakuwa na kiti. Mtu mwingine angesema jedwali ni bovu. Mendeleev alisema hesabu ndiyo mbovu. Walikuwa wamedhani atomi moja ya indiamu hushikana na oksijeni kwa namna ya zinki, kwa kuwa ilipatikana ndani ya madini ya zinki. Yeye akasema hapana, hushikana kwa namna ya aluminiamu. Ukirekebisha hapo, uzito unapanda hadi karibu 113, na kiti kipo tayari, katikati ya kadimiamu na bati. Akapima joto linalohitajika kuipasha metali hiyo, na Bunsen naye akapima kivyake. Majibu yakamuunga mkono. Leo tunajua uzito huo ni karibu 114.8.

Angalia alivyokaa jirani: indiamu na bati, kiti kwa kiti. Ndio hao hao wawili waliochanganywa kwenye utando wa kioo chako.

Mwaka 1871 akaenda mbali zaidi. Alitabiri elementi tatu ambazo hazijaonekana, akataja uzito wake, msongamano wake, hata namna zitakavyoyeyuka. Wengi waliona ni majigambo. Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran akagundua galiamu. Alipopima msongamano wake alipata 4.7. Mendeleev, ambaye hajawahi kuigusa metali hiyo, akaandika kutoka Urusi kwamba kipimo hicho hakiwezi kuwa sahihi, kinafaa kuwa karibu 5.9 au 6. Mfaransa akaisafisha upya, akapima tena, akapata 5.9. Skandiamu ikafuata mwaka 1879, na jemaniamu mwaka 1886. Zote tatu zilikuja na kukaa kwenye viti alivyoziwekea.

Galiamu ndiyo iliyomo kwenye vitaa vidogo vya LED vinavyoangaza skrini nyingi kutoka nyuma. Ukiwasha simu usiku stima zikipotea Garsen, unaangaziwa na utabiri wa Mendeleev.

KUCHOMA NI KUCHOMA PESA

Mzee huyu hakujifungia maabara. Alienda Baku kwenye visima vya mafuta, na mwaka 1876 akavuka bahari hadi Pennsylvania, Marekani, kuona Wamarekani wanavyochimba. Alirudi akiwa na hoja moja aliyoirudia maishani: mafuta ni malighafi ya vitu vingi, na anayeyatia kwenye jiko kama kuni ni sawa na anayewasha jiko kwa noti za benki.

Hoja hiyo ichukue uilete nyumbani. Umewahi kuona vijana wakichoma nyaya ili plastiki iungue wabaki na shaba? Moshi mweusi unapanda, wanapata kilo chache za shaba, wanamuuzia mtu wa vyuma chakavu. Kilichopotea ni kingi kuliko kilichopatikana. Kwanza, moshi ule una sumu zinazokaa mwilini muda mrefu. Pili, saketi ya simu ina dhahabu, fedha na paladiamu, vitu ambavyo moto wa tairi hauwezi kuvitenganisha. Tani moja ya simu chakavu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya migodi mingi ya dhahabu. Hiyo inapotelea jivuni.

Na skrini? Hapa nikuambie ukweli, usije ukadanganywa na video za mtandaoni. Kioo cha simu moja kina miligramu chache tu za indiamu. Upate gramu moja, utahitaji mamia ya simu, na gramu hiyo haikulipii hata nauli ya Malindi. Kuitoa kunataka kiwanda: skrini inafunguliwa kwa mkono, plastiki inabanduliwa, kioo kinasagwa kuwa unga, unga unaloweshwa kwenye asidi, kisha indiamu inatenganishwa na bati kwa kemikali nyingine na kugandishwa tena kuwa metali. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba indiamu inayorudishwa kutoka kwenye vifaa vilivyotupwa haikufika asilimia 1. Nyingi inayorudishwa ni mabaki ya ndani ya viwanda vyenyewe vya skrini.

Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia asidi eti utajiri uko kwenye vioo, kimbia. Asidi hiyo itakula mapafu yako kabla ya kukupa chochote, na ikimwagwa itaingia kwenye maji wanayokunywa watu wa Ngao na ng'ombe wa malisho ya delta. Delta hii iliandikishwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Maembe, mpunga, samaki, maziwa: vyote vinategemea maji hayo hayo.

Sumu nyingine hata hazihitaji asidi. Zile televisheni za zamani zenye kisogo zina risasi ndani ya kioo chake. Skrini bapa za mwanzo, kabla ya LED, zina mirija myembamba yenye zebaki. Ukiivunja, mvuke unatoka na wewe unauvuta bila kunusa chochote.

KAZI IPO WAPI BASI?

Ipo kwenye kupanga. Mendeleev hakugundua elementi hata moja kwa mkono wake. Alichukua vilivyotawanyika akavipanga, na thamani ikaonekana.

Duniani, mwaka 2022, watu walitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na anayeshughulikia taka za aina hii anatakiwa awe na leseni ya NEMA. Nairobi kuna WEEE Centre, inayopokea vifaa hivi, kuvifungua na kupeleka kila sehemu inakotakiwa. Shida ya Garsen ni umbali. Hakuna atakayesafirisha debe moja. Lakini mafundi wote wa Garsen, Hola na Kipini wakiweka pamoja, mzigo unaanza kuwa na maana.

Kama wewe ni fundi au una rafiki fundi, mambo ni haya. Vioo na skrini ziwekwe zima, bila kuvunjwa, kwenye sanduku kavu lililoinuliwa juu, kwa sababu mafuriko hayapigi hodi. Saketi ziwe peke yake. Ndizo zenye bei. Betri ziwe mbali na vyote hivyo, kwa kuwa betri iliyotoboka huwaka. Nyaya zivuliwe ganda kwa kisu, zisichomwe. Shaba safi isiyoungua hata mnunuzi anaipenda zaidi. Kisha kikundi kimoja, kilichosajiliwa, kitafute mpokeaji mwenye leseni na kumuuliza bei kabla ya kupakia.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Usidhani Mendeleev alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na uzeeni alikataa kuamini kwamba atomi ina vitu vidogo zaidi ndani yake, jambo ambalo vijana waliokuja nyuma yake walilithibitisha. Hata aliyeona mbali ana mahali macho yake yanapokomea.

Lakini hakuwasahau vijana. Mwaka 1887 kitabu chake kuhusu miyeyusho alikitunuku kumbukumbu ya mama yake, yule mjane wa kiwanda kilichoungua. Mwaka huohuo alipanda puto peke yake kutazama kupatwa kwa jua, ilhali hakuwahi kuliendesha. Mwaka 1890 wanafunzi wa chuo kikuu walipokuwa na malalamiko, alikubali kuyapeleka kwa waziri. Waziri akayarudisha, na profesa akaacha kazi yake. Miaka mitatu baadaye akapewa kusimamia vipimo na mizani vya taifa, kazi aliyoifanya hadi mwisho. Mwaka 1906 Tuzo ya Nobel ya kemia ilimkosa kidogo tu, ikaenda kwa Mfaransa Henri Moissan.

Alifariki tarehe 2 Februari 1907. Mwaka 1955 elementi namba 101 ilipewa jina lake, mendeleviamu. Nayo ina kiti chake kwenye jedwali.

Wakati mwingine fundi akikung'olea kioo, mwambie asikitupe. Muulize kama ana sanduku. Kama hana, mpelekee.